Nyapara na Sinema ya Punda

Alizaliwa wapi, alikuwa wa ukoo gani, alizaa wangapi na kuacha wajukuu wangapi, hayo yote yalisomwa siku ya mazishi, kwa maikrofoni, na kijana mmoja aliyekuwa akikosea hata kuyatamka. Nilisimama pale nyuma kwenye tope nikingoja wafike kwa punda. Hawakufika. Walimsifu uaminifu, walimsifu bidii, wakasema alikuwa mzee wa busara mpaka dakika ya mwisho. Ati busara! Watu walewale waliokaa kwenye nyasi, mimi nikiwapo, wakauliza kama mzee bado ana akili timamu! Niliondoka kabla ya chakula. Wali wao ungenikwama kooni.

Kwa hiyo mimi nitasema yale ambayo hayakusomwa.

Sisi tulimwita Nyapara. Ndiye aliyesimamia wachumaji katika shamba la chai nilikozaliwa. Mama yangu alitoka Nyakach, kule ziwani, akiwa msichana kuja kutafuta kazi huku kwenye baridi, akapewa kikapu na aproni ya plastiki, akachuma chini ya Nyapara miaka yote ambayo mimi nilikuwa nasoma. Nilimwogopa kama mtoto wa mchumaji. Baadaye nikaandikwa kazi ya kuangalia watoto wa wafanyakazi katika nasari ya shamba hilohilo, wakaanza kuniita Madam, na bado nikaendelea kumwogopa. Yeye alikuwa ananiita Matam, kwa ulimi wa Kikipsigis, na nikiitwa hivyo nilikuwa nanyoosha mgongo.

Alikuwa mrefu, mkavu, na mwavuli haukumtoka mkononi. Mwavuli mweusi wa mpini wa mbao. Huku kwetu mvua haiulizi mtu, ikifika saa nane mchana inashuka, na siku nyingine inashuka na mawe. Lakini Nyapara hakuwa na desturi ya kujifunikia ule mwavuli. Ulikuwa wa kuonyeshea. Alikuwa anapita kati ya mistari ya chai, ananyoosha ncha yake, na mahali inapoelekea ujue kuna jani limeachwa au kuna mtu anaongea kuliko anavyochuma.

"Majani mawili na chipukizi," alikuwa akisema. "La tatu ni la ng'ombe."

Na maneno mengine alikuwa nayo. "Mkono una macho." "Chai haijui kama umegombana na bwanako." Chai yenyewe alikunywa bila sukari, na ukimwekea sukari alikurudishia kikombe. Alidai sukari ni ya kufichia chai iliyochumwa vibaya.

Siku moja alimwaga kikapu cha mama yangu chini, mbele ya watu, kwa sababu ya vijiti. Mama akapiga magoti kwenye matope akaanza kuchambua jani moja moja, mvua inamnyeshea, na machozi yake yakichanganyika na maji. Kesho yake Nyapara akapita tena, akaingiza mkono ndani ya kikapu chake mpaka kwenye kiwiko, akatoa majani akayanusa, akasema kwa sauti, wote wasikie: "Hii ndiyo chai." Basi. Mama alilibeba neno hilo miaka kumi. Wageni wakija nyumbani aliwasimulia. Alimchukia mtu yule siku ya kwanza na kumpenda siku ya pili, na mpaka anastaafu hakuamua ashike lipi.

Mimi pia nina langu. Nilikuwa darasa la nne, nimempelekea mama uji shambani, mawe yakaanza kushuka. Kulikuwa na mchumaji aliyekuwa na mtoto mgongoni, wa miezi michache tu, na banda la kujikinga lilikuwa mbali. Nyapara akafika, akaufungua ule mwavuli, akamsimamia yule mama. Yeye mwenyewe alikuwa nje, mawe yanamgonga kofia na mabega, tunasikia ko! ko! ko! Yule mama akaanza kumshukuru. Nyapara akamkatiza: "Nyamaza. Mtoto hajaandikwa kazi hapa. Anyeshewe kwa nini?"

Sasa niambie, mtu kama huyo utamweka upande gani?

Hata kanisani hakuwa na mchezo. Alikaa kiti cha mbele, na mhubiri akipitisha wakati, Nyapara aligonga sakafu kwa ncha ya mwavuli. Mara moja tu. Mhubiri alianza kutafuta amina yake ilipo. Waumini walimlaumu nje ya kanisa kwa kukosa heshima, lakini moyoni walimshukuru, kwa sababu na wao walikuwa na ng'ombe wa kukama.

Ndipo zikaja zile mashine za kuchuma chai. Wachumaji wakapunguzwa, na nyapara wa watu ambao hawapo anabaki kuwa nani? Wakamstaafisha. Wakampa saa ya ukutani na kumshika mkono. Alienda kusimama mbele ya mashine moja, akaitazama ikinyoa chai, jani na kijiti na kila kitu, akasema, "Hii haina macho," akageuka akaenda zake nyumbani. Kwake kulikuwa ng'ambo ya mto tu, upande wa Bomet. Alikuwa na chai yake mwenyewe, aliyoipanda kwa mikono yake na mkewe, aliyekuwa amekwisha kutangulia mbele za haki, na ng'ombe wawili wa maziwa.

Maziwa hayo ndiyo yaliyomleta nasari. Kila Jumamosi asubuhi alipita njia ya ndani ya shamba letu akipeleka mtungi kwenye kituo cha maziwa, na Jumamosi ndiyo siku niliyowawekea watoto sinema. Tulikuwa na televisheni moja, ya msaada, na sinema chache kwenye flashi. Ile waliyoipenda zaidi ilikuwa ya punda.

Wacha niieleze, kwa sababu walioihukumu hawakuwahi kuiona. Kuna punda mzee anaishi peke yake. Anaokota mwavuli mwekundu barabarani, umevunjika ubavu mmoja, naye anafikiri ni mtoto aliyetupwa. Anaubeba nyumbani. Anaulisha uji. Anauimbia. Baadaye anaona mtoto wake anatembea peku, basi anaenda dukani kununua kiatu. Kimoja, maana mwavuli una mguu mmoja. Mwenye duka anakataa kuuza kiatu kimoja. Punda analia pale dukani mpaka chupa zinaanguka kwenye rafu. Wanazungumza lugha ambayo hadi leo sijui ni ya wapi, wala watoto hawakujali. Mwisho upepo unakuja, mwavuli unafunguka, unajifunza kuruka, na punda inabidi auachie. Ndiyo hiyo tu. Hakuna bunduki, hakuna uchi, hakuna mtu anamtukana mwenziwe.

Jumamosi hiyo ya kwanza watoto walikuwa wanapiga kelele kwa kucheka. Mlango ukafunguliwa. Nyapara na mtungi wake.

"Matam, hawa watoto wanauawa?"

"Hapana, mzee. Ni sinema."

"Sinema gani ya kulilia namna hii?"

Akageuza uso aone. Hapo punda alikuwa dukani, amepiga magoti, anamwonyesha mwenye duka ule mguu mmoja wa mwanawe. Nyapara akaangalia. Kitu kikaanza kumtoka puani, nikadhani ni kikohozi. Akaegemea mlango. Haki ya Mungu, miaka yote ile sikuwahi kuona meno ya mtu yule, na siku hiyo niliyaona yote, na mapengo pia. Alicheka mpaka mtungi ukamtoka mkononi, maziwa kidogo yakamwagika mlangoni. Halafu akatazama huku na huku kwa hasira, kama anayemtafuta aliyecheka.

Jumamosi iliyofuata alirudi. Hakutoa sababu. Alivuta kile kiti kimoja cha mtu mzima, akakaa katikati ya watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Ile ya punda," akasema.

Akaja tena, na tena. Akaleta na sheria zake. Hakuna kuzungumza punda anapoimba. Hakuna kwenda choo wakati wa duka. Kwa kuwa hakuna aliyeelewa ile lugha, yeye ndiye aliyefasiri, Kiswahili kidogo na Kikipsigis kidogo, na sidhani neno hata moja lilikuwa la kweli. Alikuwa anamgombeza punda: "Wewe, usifunge mwavuli kama iko na maji! Itaoza!" Alimgombeza mwenye duka zaidi. "Muuzie! Wewe hasara yako ni nini? Kile kingine ngoja mwavuli ingine!" Watoto nao wakamgombeza mwenye duka pamoja naye, wakinyoosha vidole, na yeye akinyoosha ncha ya mwavuli. Alikuwa anawaletea mahindi ya kuchemsha kwenye kikapu, na walipochoka kuona sinema ileile, aliwapa sharti: kwanza moja wanayoitaka wao, kisha ya punda. Wakakubaliana kama watu wazima.

Mwisho wa sinema, mwavuli ukishakwenda na punda amebaki uwanjani na kile kiatu kimoja, mzee alikuwa anavua kofia na kujipangusa uso. Mara moja mtoto mmoja alimwuliza kwa nini analia. Akamjibu, "Mvua imeingia." Tulikuwa ndani, juu yetu kuna mabati mazima. Yule mtoto aliangalia juu, akaangalia mzee, akamkatia kipande cha hindi lake.

Nilipaswa kukiweka kifuani kitu kile. Lakini ulimi hauna mfupa. Jumatatu moja, pale kwenye mfereji wa maji wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, wanawake wamejaa na ndoo zao, mimi nikaanza. Nyapara! Yule Nyapara wetu! Nikaonyesha anavyokaa, anavyomfokea mwenye duka. Na ili hadithi inoge, nikalia kama punda, hiii-hoo, hiii-hoo. Wanawake walicheka mpaka ndoo zikafurika hakuna wa kufunga mfereji. Nilijisikia mtu mkubwa siku hiyo. Wengi pale walikuwa na kikapu kilichowahi kumwagwa, na mimi niliwapa dawa yake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Haikupita wiki mbili, akipita sokoni vijana wa pikipiki wanalia hiii-hoo. Akipita kanisani, mtu anakohoa. Kisha mmoja, sijui nani na heri nisimjue, akatamka neno ng'etet nyuma yake. Kwa asiyejua, hilo ni jina la mvulana ambaye hajatahiriwa. Kwa Wakipsigis mwanamume akishatoka jandoni haitwi hivyo hata kwa utani. Ni kumvua nguo hadharani. Nyapara alisimama, hakugeuka, kisha akaendelea na safari yake. Jumamosi alikuja nasari kama kawaida.

Mtoto wake wa kwanza wa kiume alifanya kazi ya ofisi mjini Kericho. Alikuwa na mpango wake. Alitaka ile chai ya babake ing'olewe yote, apande mikaratusi ya kuuza nguzo na kuni. Mzee alikuwa amekataa. "Mimi nikiwa hai, hii chai inachumwa," alimwambia, na mara nyingi. Basi huyu mtoto kusikia habari za punda, unafikiri alikasirika kwa ajili ya babake? Alifurahi! Aliona mlango umefunguka. Akaenda kwa wazee wa kokwet, ndilo baraza la kijiji, akawaambia babake amerudia utoto, anashinda na watoto wa chekechea akilia na katuni, na mtu wa namna hiyo hawezi kuachiwa shamba. Anataka boma liwekwe mikononi mwake.

Nami nikaitwa kuwa shahidi.

Tulikaa kwenye nyasi karibu na josho la ng'ombe, asubuhi. Wazee upande huu, watu upande ule, Nyapara katikati kwenye kigoda, mwavuli kati ya magoti. Mimi mwanamke wa kutoka ziwani nilikuwa nimesimama pembeni, nguo imenilowa umande. Mwenyekiti, mzee mpole wa sauti ndogo, akaniambia, "Mama, usiogope. Ukweli hauna kabila. Ni kweli alikuwa anacheka?"

"Ni kweli."

"Na alikuwa analia?"

"Mwisho, ndiyo. Kidogo."

Watu wakaguna. Yule mtoto wake akasimama, suti safi, akasema, "Mnasikia? Na huyu mama mwenyewe ndiye alieleza watu kwa mfereji. Alilia kama punda, watu wakacheka. Muulize."

Nyapara akainua macho akanitazama. Mpaka pale hakuwa anajua ni nani aliyeanzisha. Nilitamani ardhi ipasuke. Nimeshamwagiwa maneno na watu wengi maishani, lakini yale macho hayakuwa na hasira, na ndiyo yaliyoniumiza.

Basi nikapandwa na hasira. Sikujua kama naruhusiwa kusema, nikasema.

"Ni kweli, ni mimi, na ni aibu yangu! Lakini niulize na mimi. Nyinyi wanaume mnaojaza ule ukumbi wa televisheni kule Litein kila wikendi, mnatazama nini? Mpira wa Uingereza! Watu ishirini na wawili ambao hawajui hata majina yenu! Nimewaona mkikumbatiana. Nimewaona mkilia, mtu mzima na ndevu zake, hali chakula siku mbili kwa sababu timu imefungwa. Huyo hakuitwa kokwet. Shamba lake halikuguswa. Huyu mzee akicheka na punda, amekosea nani? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!"

Mmoja wa wazee alijifunika mdomo kwa mkono, nadhani alikuwa anacheka. Mtoto wake akaanza, "Huyu mama si wa hapa, hajui mila yetu," lakini mwenyekiti akamnyamazisha. Akamgeukia Nyapara. "Mzee, sema wewe."

Nyapara akasimama polepole. Hakuinua sauti, hata hivyo kila mtu alimsikia.

"Mimi nilipewa kikapu kabla meno ya utoto haijaisha kung'oka," akasema. "Kikapu ilikuwa refu kuliko mimi. Ikafika siku ya jandoni nikaenda, nikatoka, nikarudi kwa chai. Nimesimamia watu miaka mingi, hapa kuna watu wanajua. Sasa kijana wangu anasema nimerudi utoto." Akageuka kumtazama mwanawe. "Mtu anarudi mahali alitoka. Mimi huko sikupita."

Akakaa.

Ungedhani kesi imekwisha hapo. Ningekuwa mimi, ningemwambia yule mtoto akunje suti yake aende zake. Lakini wazee walienda kando wakanong'ona muda mrefu, na waliporudi, walikuwa wameikata kesi katikati kama mkate. Shamba libaki la mzee, chai ibaki. Hapo nilishangilia. Ila, kwa heshima ya rika lake na kwa amani ya nyumba yake, mzee asionekane tena akiangalia sinema ya watoto, nasari wala popote.

Aka! Kwa heshima ya nani? Walijua hakukosea, mbona wakamwadhibu? Ili yule wa suti asirudi mikono mitupu! Nimefikiri neno hilo miaka mitatu sasa na kila nikilifikiri damu inachemka. Mtu anapewa kitu kimoja cha kumchekesha, uzeeni, bila kumgharimu mtu yeyote, na watu wazima ishirini wanakaa chini kukiondoa.

Nyapara alisema, "Nimesikia." Akaondoka na mwavuli wake. Jumamosi iliyofuata alipita na mtungi wake njia ya mbali, ya juu. Watoto waliniuliza yuko wapi, nikawaambia ana kazi. Nilipoweka ile ya punda, walifika kwenye duka wakanyoosha vidole, kisha wakakaa kimya wakimngoja wa kupiga kelele.

Sikuenda kwake kwa muda mrefu. Niliona haya. Mwaka jana, mvua kubwa zilipoanza kupungua, nikasikia miguu yake imevimba na hatoki nyumbani. Nikavuka mto. Nilibeba sukari kwa mazoea ya kwenda kwa mgonjwa, nikakumbuka njiani nikacheka peke yangu. Na ndani ya simu nilikuwa nimeiweka ile sinema.

Nilimkuta barazani, ameketi, blanketi magotini, amevaa gamboti ingawa haendi popote. Mwavuli ulikuwa umeegemea ukuta. Mbele yake chai yake ilikuwa imenyooka, kijani, imechumwa vizuri. Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia sauti ya mtoto wake akiongea na wageni wawili, wanaume kutoka mjini, akiwatembeza mpakani. Niliona mmoja ameshika utepe wa kupimia. Nilielewa mara moja wanapima mahali pa mikaratusi, na mzee bado anapumua pale mbele.

"Matam," akasema. "Umezeeka."

"Na wewe pia, mzee." Nikachuchumaa karibu naye. Maneno niliyoyapanga njiani yote yakapotea. "Nilikukosea. Pale kwa mfereji. Nilikukosea sana."

"Ndiyo," akasema. Hakuniambia si kitu. Nilimheshimu kwa hilo.

Nikatoa simu. "Nimekuletea punda. Tutaangalia hapa hapa, polepole. Hakuna atakayekuona."

Akaitazama simu, nikaona mkono wake umesogea kidogo kwenye blanketi. Kisha akaurudisha. "Kokwet ilisema."

"Kokwet walikosea!"

"Walikosea. Na mimi nilisema nimesikia." Kule nyuma utepe ulikuwa unavutwa, mtu akataja urefu. Halafu mzee akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaona kitu kikimcheza kwenye pua. "Walikataza macho. Mdomo hawakukataza. Na wewe uko na mdomo, hiyo naijua. Nisimulie."

Basi nikaanza, kwa sauti ya chini, kwamba hapo zamani kulikuwa na punda mzee, akaokota mwavuli. Alifumba macho. Nilipokosea alinisahihisha: uji kwanza, wimbo baadaye. Nikafika dukani. Punda anapiga magoti, mwenye duka anakataa, punda anaanza kulia. Nikanong'ona, hiii-hoo.

Akafumbua macho. "Punda hanong'oni."

"Mzee, kuna wageni."

"Umechuma haraka," akasema. "Rudia."

Nikavuta pumzi. Nikafikiria ule mfereji na ndoo zilizofurika, nikalia. Nililia kwa sauti yangu yote, HIII-HOO, HIII-HOO, mpaka kuku wakatimka na ng'ombe akajibu zizini. Mzee akaanza kucheka. Alicheka kimyakimya kwanza, kisha mabega, kisha na mapengo yote nje, machozi yakimshuka, naye hakutafuta mvua ya kuisingizia.

Mtoto wake akatokea mbio kwenye kona ya nyumba, wageni nyuma yake, utepe ungali mkononi mwa mmoja. "Ni nini hii? Ni nani anapiga kelele hapa?"

Nyapara hakumjibu. Aliinama kwa shida, akavuta gamboti moja likamtoka, akaliweka chini. Akauchukua mwavuli wake mweusi, akaufungua, jua likiwaka, akautumbukiza mpini ndani ya lile gamboti ukasimama wenyewe mbele yetu, mtoto wa mguu mmoja aliyevishwa kiatu. Kisha akamwangalia mwanawe.

"Wewe ndiye mwenye duka," akamwambia. "Unauza, ama huuzi?"

Yule mtu alisimama na suti yake. Alitazama gamboti, akatazama mguu wa babake uliovimba, peku kwenye saruji. Wageni walitazamana.

"Matam," Nyapara akasema bila kunigeukia, "mwenye duka bado anafikiria."

Nikalia tena, kwa nguvu zaidi ya mara ya kwanza.